Mawimbi ya Damaski: Nakshi za Kuiga juu ya Kasiba za Magobori (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi gobori lishindiliwavyo kwa mdeki na kulipuliwa kwa fataki. Sasa yatupasa tuitazame kasiba yenyewe, na hasa yale mawimbi ya kahawia na kijivu ambayo mnunuzi huyaona juu yake akayakinisha kwamba ameshika kazi ya Damaski, hali ameshika chuma cha kawaida kilichovishwa nakshi.

Kasiba ya Damaski ya kweli haichorwi. Mhunzi huchukua fito za chuma laini na fito za feleji, akazipanga kwa zamu, akazitia motoni mpaka zikaiva nyeupe, akazigonga zikashikana. Kisha huusokota ufito ule mmoja kama usokotwavyo ukambaa, akauzungusha juu ya nondo, na kuugonga tena hata mizunguko yote ikawa mwanzi mmoja. Ikisha kusuguliwa na kutiwa tindikali, chuma laini huliwa upesi kuliko feleji, na hapo ndipo mistari hudhihiri. Sanaa hii waliijua Waturuki, Waajemi na Wahindi, na bunduki ndefu za utambi za Oman aghalabu zilifungwa kasiba za asili hiyo; lakini katika karne ya 19 walioifanya kwa wingi mno ni mafundi wa bonde la Vesdre, huko Nessonvaux na Trooz, karibu na mji wa Liège katika Ubelgiji.

Hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi wa Butembo na Beni, mashariki ya Kongo. Bunduki ziliingia nchi hizi kwa njia za pembe za ndovu kabla ya dola ya Wabelgiji kusimama imara: mwaka 1887 msafiri Stanley aliwakuta Wamanyema wa Kilonga-Longa, mfanyabiashara wa pembe, pale Ipoto, katika msitu wa Ituri, na Wazanzibari wa msafara wake, kwa kulemewa na njaa, wakauza bunduki zao wapate mahindi. Kisha Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia silaha za kisasa, ukaruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya biashara. Hivyo silaha ya kale ikadumu mikononi mwa wawindaji wetu, wakati Ulaya ilikwisha kuiacha.

Mnunuzi wa zama zile aliyapenda mawimbi kwa kuwa yalikuwa alama ya ghali, na mafundi wa Liège wakayatia hata juu ya bunduki za bei nafuu. Kasiba ilisuguliwa ikang'aa. Karatasi iliyopigwa chapa ya mawimbi kwa wino wa mafuta ikazungushiwa juu yake, wino ukabaki chumani. Kisha tindikali ikala penye uwazi, ikaacha penye wino. Asiyekuwa na karatasi aliizungushia kasiba uzi uliotiwa nta, mzunguko kwa mzunguko, halafu akapaka dawa ya kutia kutu, akasugua na kupaka tena mpaka rangi ikatulia. Kwa maoni yangu kazi hii si haramu madhali muuzaji ameisema. Dhuluma ni kuiuza kwa bei ya ile ya kweli. Tena kasiba ya feleji iliyotobolewa kwa keekee, ingawa haina nakshi, yaweza kuwa salama kuliko Damaski yenye maungo mamia, ambayo masizi ya baruti yamekaa yakiyala kwa ndani miaka mingi.

Anayetaka kuhakikisha na aitoe kasiba katika mti wake, atazame upande wa chini. Nakshi ya kuiga mara nyingi hukoma pale macho yasipofika, au ncha za karatasi hukutana vibaya, wimbi likakatika ghafula; ya kweli huendelea pande zote, na hata ikisuguliwa kabisa hurejea ikitiwa tindikali tena. Hapo chini pia hutafutwa muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, iliyoasisiwa mwaka 1672: herufi ELG ndani ya duara refu. Muhuri huo ndio ushahidi kwamba kasiba ilijaribiwa kwa baruti kabla ya kuuzwa, iwe ina mawimbi au haina. Akiiona nakshi ni ya kuiga, asiikwangue, maana ni athari ya mikono ya mafundi waliokwisha. Ila aipake mafuta mara kwa mara, kwani Butembo iko juu ya mita 1,700, na unyevu wa ukungu hukaa ndani ya vijifuo vilivyoliwa na tindikali zaidi kuliko juu ya chuma kisicho na nakshi.