Nakala Ipo, Majina Hayapo

Mwishoni mwa muhula uliopita, katika chumba cha walimu hapa Mbwajumali, tuliwasha kompyuta mpya iliyoletwa kwa mashua kutoka Amu kushika nafasi ya ile iliyoungua. Hatukuwa na wasiwasi. Kwa muda wa miaka miwili, kila usiku, programu ya matokeo ya wanafunzi ilikuwa ikinakiliwa katika diski ya nje, na kila asubuhi ni mimi niliyehakikisha kwamba faili la jana lipo na tarehe yake ni sahihi. Tukalirejesha. Programu ikafunguka, nembo ya shule ikaonekana, na chini yake yakatokea maneno ya kumkaribisha msimamizi afungue akaunti ya kwanza. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Msomaji aelewe kilichokuwa hatarini. Madaftari ya alama tulikuwa tumeyaacha, tena kwa ushauri wangu, na watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa wakingojea alama zao za miaka yote.

Kosa la kwanza nililifanya papo hapo: niliifungua ile akaunti. Usiku huo mashine ikajinakili kama ilivyoamriwa, ikaweka nakala ya utupu na kuifuta iliyo kongwe zaidi kati ya nakala saba tulizokuwa tukizihifadhi. Laiti nakala zile zingalikuwa nzima, ningalikaa juma zima nikizifuta moja baada ya moja kwa bidii yangu mwenyewe. Yeyote afikwaye na jambo hili, basi, na asimamishe kwanza unakili wa kila usiku, wala asiandike chochote katika diski ya zamani.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya miaka miwili nyuma, yaani kulitazama faili lenyewe. Tangu Januari hadi Oktoba uzito wa faili ulikuwa uleule, ilhali katika muda huo tulikuwa tumesajili kidato kizima na kuandika alama za mihula miwili. Nikalifungua, nikatafuta jina la mwanafunzi mmoja ninayemjua, sikulipata. Nilichokipata ni nembo, kurasa na maagizo ya programu. Katika kompyuta za Linux, programu ya namna hii aghalabu hukaa chini ya /var/www, na data zake, ikiwa zinatunzwa na MySQL, hukaa mbali nayo, chini ya /var/lib/mysql. Sisi tulikuwa tukinakili nyumba na kuwaacha wenyeji nje. Nayo programu, ilipoamka na kukuta hifadhidata haina kitu, ilidhani ndiyo kwanza inazaliwa.

Si kila utupu una asili hiyo. Pengine data zimo lakini programu inasoma mahali pengine, au haina ruhusa ya kuzisoma, au diski ilijaa na faili likakatika kabla ya kukamilika. Hata wakubwa hawakusalimika. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani, ilifutiwa hifadhidata yake kuu na mfanyakazi wake kwa bahati mbaya. Walipoziendea nakala za kila siku hawakukuta kitu: chombo cha kunakilia kilikuwa cha toleo la 9.2 la PostgreSQL, hali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo kilikuwa kikishindwa kila siku, na barua pepe za kuwaarifu zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mtu kwa mkono, saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Sisi watu wa kisiwa cha Pate tungalipaswa kuwa wa mwisho kushangazwa na haya. Kitabu cha habari za masultani wa Pate kilipotea mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Yaliyopo leo yalitoka zaidi katika kumbukumbu ya Bwana Kitini, wa ukoo wa Nabahani, aliyeyapokea kwa babu yake Bwana Simba. Aliyasimulia zaidi ya mara moja, na matini zilizoandikwa hazikulingana; Marina Tolmacheva alipozikusanya pamoja mwaka 1993, tofauti za miaka na za tawala zilionekana wazi. Hapana wa kumlaumu mzee yule, maana asili ya kulinganishia haikuwapo.

Asili yetu, alhamdulillahi, ilikuwapo. Katika mashine ya zamani kilichoungua ni kifaa cha umeme tu; fundi wa Amu aliitoa diski, na humo zikapatikana data zote. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mwanafunzi huchagua jina lolote katika rejista, nasi huirejesha nakala katika kompyuta ya kuazima na kulitafuta jina hilo mbele yake. Nimeiandikia bodi barua kuomba kompyuta kuukuu itakayobaki kwa kazi hiyo peke yake. Mjumbe mmoja ameniuliza ni ya nini, na nakala tunayo.