Atalanta Haikupotezwa na Miujiza

Tarehe 31 Januari 1880, Atalanta, manowari ya mafunzo ya Uingereza, ilitweka matanga Bermuda kurudi kwao, na haikuonekana tena. Ilichukua watu 281, wengi wao vijana walioandikishwa jeshini wakiwa na miaka 15 au 16, wakahesabiwa mabaharia wazima walipotimiza 18, kisha wakapelekwa bahari kuu kujifunza kupanda milingoti na kukunja matanga. Vitabu vingi vimewaingiza katika hekaya ya Pembetatu ya Bermuda. Hekaya hiyo inawadhulumu. Jina lenyewe lilibuniwa na mwandishi Vincent Gaddis mwaka 1964, miaka 84 baada ya msiba, na njia ya kwenda Uingereza huelekea kaskazini-mashariki, ikiiacha pembetatu hiyo nyuma. Ubaya wake mkubwa ni kwamba miujiza haina wa kuwajibika. Anayeamini bahari iliwameza kwa siri haulizi tena nani aliwapakia, katika chombo gani, na kwa msimu gani.

Chombo kinajulikana. Kilishushwa majini mwaka 1844 kwa jina la Juno, manowari ya mizinga 26 isiyo na injini, rika moja na Eurydice ya mwaka 1843, ambayo nayo iligeuzwa kuwa ya mafunzo. Machi 1878, Eurydice ikirejea kutoka Bermuda, ilipigwa na dhoruba ya theluji karibu na kisiwa cha Wight, matundu ya mizinga yakiwa wazi. Ilipinduka, zaidi ya watu 300 walikufa na wawili tu wakapona. Kazi yake ikapewa Atalanta, ambayo mwaka wa pili yake ilitumwa kuvuka Atlantiki katika majira ya baridi, peke yake. Februari 1880 bahari hiyo ilichafuka vibaya. Katika tufani, tanga lisipopunguzwa mapema meli hulala ubavu, na kulipunguza kunataka mikono iliyozoea kufanya kazi juu ya foromali usiku, kamba zikiwa zimelowa na baridi ikiuma. Wanafunzi ndio waliotegemewa kuwa mikono hiyo.

Wapo watakaosema tume ya uchunguzi iliiona meli kuwa imara, ikakadiria kwamba ilizidiwa na tufani. Ni kweli, na tufani siibishii. Lakini Eurydice iliinuliwa kutoka chini ya bahari ikakaguliwa. Atalanta haikuacha hata ubao mmoja uliothibitishwa kuwa wake. Tume ilipima kwa hesabu na maelezo ya watu, na baharia mmoja aliyeteremshwa Barbados kwa ugonjwa alidai kwamba ilikwenda mrama kupita kiasi na vijana waliogopa kupanda juu. Ushahidi wa mtu mmoja, uliotolewa baada ya msiba, hautoshi kumaliza shauri. Hata hivyo, tuseme meli ilikuwa nzima kabisa: bado ilitumwa baharini bila injini na bila chombo cha kuandamana nayo, miaka miwili tu baada ya Eurydice.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba ubaharia haufundishwi bandarini. Nalikubali. Ila Kikosi cha Mafunzo kilichoundwa mwaka 1885 kiliendelea kufundisha matanga katika bahari kuu hadi 1899, kwa manowari zenye injini pia, zikisafiri kwa pamoja. Njia hiyo ingewezekana hata mwaka 1879, kwa sababu manowari za injini na matanga zilikuwa tele katika jeshi hilohilo.