Uchungu Haungoji Maji Kujaa

Mkaazi wa mjini akizidiwa usiku huita gari. Mama wa Tumbatu, Kojani au Fundo akishikwa na uchungu usiku wa manane, hutafutiwa kwanza chombo, nahodha na mafuta; kisha hutazamwa upepo na maji. Lakini uchungu haungoji maji kujaa, wala haungoji kusi kutulia. Jambo hili ndilo tunalotaka kuliweka leo mbele ya wananchi wenzetu na viongozi wenye dhamana ya afya.

Haki yenyewe haina ubishi. Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza matibabu ya bure, afya ya mnyonge imehesabiwa kuwa dhamana ya taifa. Aidha, mwezi wa Septemba 1978, mkutano wa Alma-Ata uliziweka huduma za mama na mtoto, pamoja na uzazi wa majira, katika afya ya msingi, na kutaka huduma hizo zisogezwe karibu kabisa na watu wanakoishi. Basi kwa mkaazi wa kisiwa kidogo, karibu maana yake ni upande huu wa maji.

Mwaka 1994 wataalamu Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa wazazi hupotea kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Visiwani petu hayo si mageni. Mume yuko dago, na nyumbani hakuna athubutuye kutoa kauli. Chombo kipo, mafuta hayapo. Na damu ikitoka kwa wingi baada ya kujifungua, yaweza kumuua mwanamke mzima wa afya kwa saa chache tu.

Kinga ipo. Sindano ya oksitosini, ikichomwa mara tu mtoto azaliwapo, hupunguza hatari hiyo. Lakini dawa hiyo huharibika kwa joto; yataka jokofu lisilozimika na mkono uliofunzwa. Jengo tupu lenye kibao mlangoni halimwokoi mtu.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka zinazohusika mambo matatu. Kwanza, mkunga aliyesomea apewe nyumba ya kukaa kisiwani, ili usiku umkute huko. Pili, kiwepo chombo cha dharura chenye nahodha wa zamu na mafuta yasiyoguswa kwa safari nyingine. Tatu, wahudumu wa afya wa kujitolea katika shehia wawezeshwe kupita nyumba kwa nyumba, wamjue kila mja mzito, na amtiaye wasiwasi daktari ahamishiwe karibu na hospitali kabla ya siku zake kutimia. Wahudumu hao hao wawafikishie wanawake ushauri wa uzazi wa majira, kwa siri na heshima. Wakunga wa jadi nao wasibezwe, kwani mara nyingi ndio waitwao mwanzo. Wafunzwe kutambua hatari na kupeleka mgonjwa mapema.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Anayekwenda dago na aache nyumbani ruhusa na nauli kabla ya kutweka tanga.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu wa mama zetu tusiuone mwepesi kwa kuwa hatuubebi sisi.