Wimbo wa Kihindi hauhitaji mkalimani Mpondwe

BWERA, Uganda – Mto Lubiriha hutenganisha Bwera na Kasindi, lakini Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo husikilizana vizuri tu. Kwenye vibanda vya video mambo hubadilika. Filamu ya Kihindi iliyotoka Kampala husimuliwa kwa Kiganda na msimulizi aitwaye VJ, na mama aliyekuja kutoka Beni kuchukua mzigo huachwa njiani. Kisha wimbo unaanza, mvua inanyesha, shujaa na mpenzi wake wanabadilisha nguo mara tatu kabla ubeti haujaisha. Hapo haachwi mtu. Mabega yanacheza yenyewe.

Na mwigizaji wala haimbi! Hufuatisha kwa mdomo tu. Sauti ni ya mwimbaji wa studio, kama marehemu Lata Mangeshkar, aliyewaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa na kufariki 2022. Ufundi huohuo wa mdomo ndio uliompa jina Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa Tanzania, aliyepongezwa na ubalozi wa India nchini humo mwaka huohuo.

Mwaka 2022 pia Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo muuza filamu wa Mpondwe anayeweka za Kiganda pekee anajinyima wateja wa ng'ambo ya daraja. Atafute na zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Nyimbo aziache zilivyo.