Mafuta ya Chipsi Yachome Vyungu: Njia ya Kupunguza Kuni Tanurini

Tunapohimiza majiko sanifu mara nyingi tunasahau swali moja: majiko yenyewe yanachomwa kwa nini? Jiko la mkaa lenye kigae cha udongo ndani yake, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980 na baadaye kufika kwetu, hupunguza mkaa kwa sababu udongo huzuia joto lisipotee. Lakini kigae hicho lazima kichomwe kwanza, na vikundi vingi hukichoma kwa kuni. Hivyo mti tunaouokoa jikoni tunaukata tena tanurini.

Wakati huohuo, mijini kuna mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia chipsi, samaki na maandazi. Mengine humwagwa mitaroni, mengine hurudiwa kukaangia mpaka yanakuwa meusi, jambo ambalo si zuri kwa afya. Mafuta haya yanaweza kuchoma vyungu.

Nguvu iliyomo

Lita moja ya mafuta ya mimea ina joto linalokaribia lile la kilo 2 na robo za kuni kavu. Kwa hiyo kikundi kinachotumia kilo 200 za kuni kwa uchomaji mmoja kingehitaji kama lita 90 za mafuta, kama tanuri litatunza joto vilevile. Vigae na vyungu vya kawaida huhitaji nyuzi joto 800 hadi 950 za Sentigredi, na mafuta yakipata hewa ya kutosha hufikisha joto hilo bila shida.

Tatizo ni kuyawasha. Mafuta ya mimea hayashiki moto mpaka yapate joto la zaidi ya nyuzi 300. Ukiyamwaga kwenye tanuri baridi utapata moshi na harufu tu. Ndiyo maana kuni haziachwi kabisa, hutumika mwanzoni.

Hatua za kufuata

1. Chuja mafuta kwa kitambaa, kisha yaache yatulie kwenye pipa kwa wiki nzima. Maji na masalia ya chakula hushuka chini. Chota ya juu tu. Maji yakibaki, moto hukohoa na kurusha matone.

2. Weka ndoo ya chuma yenye koki juu kuliko mdomo wa tanuri, lakini pembeni, mbali na miali. Bomba jembamba la chuma lilete mafuta mpaka kwenye chumba cha moto. Usitumie bomba la plastiki karibu na tanuri.

3. Ndani ya chumba cha moto panga vipande vinene vya chuma kama ngazi. Mafuta yatadondokea hapo, yatageuka mvuke na kuwaka.

4. Anza kwa kuni, polepole. Vyungu hata vikionekana vikavu bado vina maji, na maji yakichemka ghafla hupasua chungu. Msikimbize moto kabla vyungu vyote havijapita nyuzi 120. Kuweni waangalifu tena karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za mchanga ndani ya udongo hutanuka ghafla.

5. Vyuma vikiwa vyekundu, fungua koki kidogo, tone kwa tone. Ongeza taratibu huku ukipunguza kuni.

6. Tazama bomba la moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: punguza koki au ongeza hewa. Feni ndogo ya kupuliza husaidia sana, lakini bomba refu la moshi linalovuta vizuri linaweza kutosha.

Tahadhari

Mafuta yakishika moto nje ya tanuri, msimwagie maji kamwe, moto utaruka. Wekeni mchanga mkavu karibu, na mtu mmoja asiondoke kwenye koki. Msichanganye na oili chafu ya magari, kwa maana ina madini yenye sumu kama risasi, na moshi wake ni hatari kwa mchomaji na majirani.

Je, inafaa kwenu?

Hapa tunaomba vikundi vipige hesabu kabla ya kununua chuma hata kipande kimoja. Kama kila mkaanga chipsi anawapa lita 5 kwa wiki, mnahitaji wakaangaji 18 ili kupata lita 90. Mjini hilo linawezekana. Kwa mafundi wa Kikisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema kwenye Ziwa Nyasa, ambao huchoma vyungu vyao mahali pa wazi na kuvisafirisha kwa mitumbwi, kuleta mafuta kutoka mjini kungekula faida yote. Kwao, kupanda miti ya kuni ni jibu bora zaidi.

Kumbukeni pia kwamba kitu cha bure hakikai bure. Wakaangaji wakiona mnayahitaji watataka bei, na watengeneza sabuni nao wanayatafuta. Pataneni mapema, na ikiwezekana kwa maandishi. Bei ya lita moja ikizidi bei ya kilo 2 na robo za kuni, faida ya fedha imekwisha. Itabaki faida ya msitu, nayo kikundi kiamue kama kinaweza kuibeba.

Anzeni na tanuri dogo, andikeni lita na kilo za kila uchomaji, na baada ya uchomaji wa tatu au wa nne daftari lenu litawaambia kama mwendelee.