Ritifaa na Sifuri: Amri za Mfumo Endeshi ndani ya R katika Uchunguzi wa Matini za Kibera na Kawangware

Makala haya yanakusudia kueleza namna amri za mfumo endeshi zinavyotolewa kutoka ndani ya R, na hatari inayoyakabili maandishi ya Kiswahili katika njia hiyo.

R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilifuata mfano wa S, iliyoanzishwa Bell Laboratories mwaka 1976, mahali palepale ulipozaliwa mfumo endeshi wa Unix mwaka 1969. Kwa neno system, mchunguzi huweza kuuagiza mfumo endeshi upekue matini bila yeye kutoka katika R.

Ichukuliwe kwamba yapo mazungumzo yaliyonakiliwa Kibera na Kawangware, kila mtaa na faili lake, na mchunguzi ataka kulinganisha matumizi ya neno ng'ang'ana. Katika mifumo ya jamii ya Unix huandika:

system("grep -c ng'ang'ana kibera.txt")

Amri hii hupitia kwanza kwa mfasiri wa amri, ambaye kwake ritifaa si sehemu ya neno bali ni alama ya kufungua au kufunga nukuu. Neno ng'ombe, lenye ritifaa moja, huacha nukuu wazi, na mfasiri hutoa taarifa ya kosa. Ng'ang'ana lina ritifaa mbili: ya kwanza hufungua, ya pili hufunga, zote huondolewa, na kinachotafutwa ni "ngangana". Jibu huwa 0, wala hapana onyo lolote.

Njia iliyo salama ni hii:

system2("grep", c("-c", shQuote("ng'ang'ana"), "kibera.txt"), stdout = TRUE)

Hapa shQuote hulikinga neno pamoja na ritifaa zake, na stdout = TRUE hurejesha hesabu yenyewe. Pasipo hiyo, R hurejesha namba ya tamati tu, ambayo kwa grep 0 ni "limepatikana", 1 ni "halikupatikana", na 2 ni kosa. Ikumbukwe pia kwamba -c huhesabu mistari yenye neno, si idadi ya maneno. Aidha, ritifaa iliyopinda (’) ni alama nyingine kabisa kwa mashine. Ikiwa faili la Kawangware lilipigwa kwa programu inayozipinda, sharti zisawazishwe kwanza.

Mitaa hii si migeni katika isimu. Kitabu cha Bernd Heine juu ya Kinubi cha Kibera kilitoka mwaka 1982. Anayedai leo kwamba wakazi wa mtaa fulani hawalitumii neno fulani huwa amewasemea watu. Kwa hiyo yafaa kila sifuri ihakikishwe kwa kuisoma matini yenyewe kabla ya kuchapishwa.