Je, Wajua? Mlio wa vikombe ndio tangazo

Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, hapalimwi kahawa. Nyanda kame za Dodoma ni za mtama, uwele na alizeti. Buni hutoka mbali, arabika kutoka Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, robusta kutoka Kagera. Lakini kahawa chungu ya mabirika, desturi ya pwani, imekwishafika bara, hadi kwenye vijiwe vya wavuvi na madereva.

Kazi ya muuza kahawa huanza kabla mteja hajaamka: kukaanga buni, kuitwanga, kuichemsha. Kisha hutembea na birika lenye jiko la mkaa chini yake, na ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe. Haiti mtu kwa sauti. Hugonganisha vikombe tu, na kila mtu hujua amefika. Mkono unaobeba birika huchoka, moshi huingia machoni, na bado lazima akumbuke nani amekunywa vikombe vingapi, maana wengi hulipa wakiinuka. Huo ni ufundi, na mimi nauheshimu sana.

Sukari haitiwi. Utamu ni wa kashata.

Na Mtera penyewe? Ni kwenye bwawa la mto Ruaha Mkuu linaloendesha mitambo ya megawati 80.